Chekhov bila msuko: ununue au upite?

Haya watazamaji wangu, leo mezani nina mkusanyiko wa tamthilia za onyesho moja za Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi. Najua wengi mtakinunua kitabu kwa ajili ya “Dubu” na “Posa”. Sawa, zinachekesha na zina ugomvi wa kutosha. Mimi nawapeleka moja kwa moja kwenye “Madhara ya Tumbaku”.

Humu usitafute msuko, yaani mfululizo wa matukio. Mzee Nyukhin kapanda jukwaani kutoa mhadhara kuhusu tumbaku kwa sababu mkewe, mwenye shule ya muziki na bweni la wasichana, kaamuru. Tumbaku yenyewe anaigusa juujuu tu, kisha huyoo! Mara chapati za maji zilizobaki baada ya wanafunzi kuugua, ambazo mkewe kamwambia azile yeye, “sanamu la kutishia ndege”, kama anavyomwita. Mara ana mabinti saba; hapana, sita.

Sasa sikilizeni hapa. Analivua koti alilofungia ndoa miaka 30 iliyopita, analitupa chini, analikanyaga. Anageuka kuonyesha kizibao kilivyochakaa mgongoni. Ghafla anamwona mkewe kasimama kando ya jukwaa! Koti linarudi mwilini chapuchapu, na anatusihi: mke wangu akiwauliza, mwambieni lile sanamu, yaani mimi, lilijiheshimu. Basi, imeisha. Hakuna aliyeoa wala aliyekufa, ila ndoa yake nzima umeshaijua.

Toleo la kwanza lilitoka 1886 likiwa kichekesho zaidi. Uchungu huu Chekhov aliuongeza baadaye, akiirudia kazi hiyo hadi 1902.

Na asiwadanganye mtu kwamba Chekhov ndiye aliyeanza tamthilia zisizo na msuko. Mrusi mwenzake, Turgenev, mwaka 1850 aliandika “Mazungumzo Barabarani”: mwenye shamba, mtumishi wake na mwendesha farasi wanapiga soga garini, basi. Niliitafuta pembeni nikaisoma. Jamani, inachosha! Soga zipo, lakini hakuna kinachombana msemaji kama yule mke wa Nyukhin.

Kasoro ya kitabu? Ukisoma kimyakimya, nusu ya utamu inapotea, hasa maelekezo ya jukwaani ukiyaruka. Soma kwa sauti.

Walimu wa drama, hii inawafaa: mwigizaji mmoja, koti moja kuukuu. Ila msimpe mwanafunzi anayekimbilia kuchekesha; mpeni yule anayeweza kuonekana ana hofu kweli. Wengine, kama hamtaki tamthilia isiyo na tukio, azimeni kwanza maktaba.