Mfarishi wa viraka kutoka kwa mafundi wa Magomeni

Kuna karakana ndogo ya mafundi wanawake Magomeni, Dar es Salaam, inayoshona mifarishi, yaani matandiko mazito ya tabaka tatu, kwa mabaki ya vitambaa, na mteja anaruhusiwa kupeleka vyake mwenyewe: khanga zilizochakaa, vitenge vilivyobaki kwenye sare za harusi, mashuka, hata suruali za jinzi. Nilipeleka furushi la namna hiyo nikaagiza mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita, kwa shilingi 90,000 pamoja na bitana na ujazo. Naiona bei hiyo kuwa ya haki, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Kazi huanza kwa kuchambua. Vitambaa vyote hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa pamba mpya hurudi, yaani husinyaa, inapoingia majini na khanga nyekundu huchuja. Anayeruka hatua hiyo atauona mfarishi wake ukikunjamana na viraka vyeupe vikipata madoa mara tu utakapofuliwa. Kisha pamba hutengwa na poliesta. Kitenge kimoja nilichokuwa na hakika kuwa ni pamba tupu, fundi alichomoa uzi wake mmoja akauchoma kwa kiberiti: ulijikunja ukawa punje ngumu nyeusi, wakati uzi wa khanga uliungua na kuacha jivu laini, lenye harufu ya karatasi. Kitenge kile kiliwekwa kando, nami nikaelewa kwa nini mifarishi mingi ya bei nafuu hupasuka kwenye maungio, kwani vitambaa viwili visivyorudi kwa kiasi kimoja huvutana kila vinapofuliwa.

Maungio yenyewe yameshonwa kwa uangalifu mkubwa. Ukigeuza kiraka kabla bitana haijafungwa, unakuta mshono umeachiwa robo inchi kila upande, umepigwa pasi na kulazwa upande mmoja, na pale pembe nne zinapokutana hapana kivimbe. Jinzi haikuchanganywa na khanga. Imepangwa pembeni peke yake na kushonwa kwa sindano namba 16, kwa sababu uzito wake ungezivuta khanga mpaka zichanike.

Ninalowalaumu ni mazoea ya kukata kila kitu katika miraba midogo inayolingana. Khanga ina pindo, mji (uwanja wa katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na ikikatwa hivyo vyote vitatu hupotea. Wanawake wa kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, ambao mifarishi yao ya nguo za kazi zilizochakaa ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston mwaka 2002, waliacha vipande virefu na vipana vya miguu ya suruali vionekane jinsi vilivyo, hata rangi ilipokuwa imepauka magotini, na uzuri wa kazi zao umekaa hapohapo. Kwa bahati njema, fundi aliniuliza mapema, "Dada, jina hili nilikate au nilibakize?" Nilimwomba alibakize, na sasa maneno "Mdhaniaye ndiye siye" yamevuka katikati ya mfarishi mzima mzima, herufi zote zikisomeka. Asiyeulizwa na aseme mwenyewe, tena kabla mkasi haujashikwa.

Suala la ujazo linahitaji uamuzi wa mteja. Wao hupendekeza sponji nyembamba, ambayo ni nyepesi na hukauka haraka, lakini kwa joto la Dar es Salaam haifai, kwa kuwa huzuia jasho na baada ya muda humeguka ndani. Sufi ni laini zaidi, ila ikilowa hushikana mabonge. Nilichagua shuka kuukuu la flana, nao wakakubali bila kuongeza bei, wakapitisha mishono ya kushikilia tabaka zote tatu kwa umbali wa kiganja kimoja, hivyo hakuna kinachohama ndani. Kwa wakazi wa sehemu za baridi kama Mbeya, Njombe au Lushoto, blanketi la zamani litafaa kuliko shuka.

Oda hupokelewa kwa malipo ya nusu. Kitambaa kinachobaki hurudishwa kwa mwenyewe, kikiwa kimekunjwa na kufungwa kwa ukanda uliokatwa humohumo.