Unyevu wa sakafuni Mwanza: hela yako ianzie wapi

Rangi ikibabuka futi moja kutoka sakafuni na unga mweupe wa chumvi ukatokeza, maji yanapanda kutoka ardhini. Wa Igombe karibu na ziwa wanalijua hilo. Wa Bugando na Isamilo hujiona wamesalimika, kumbe mvua haizami kwenye mwamba, inateleza juu yake hadi ikutane na msingi.

Namba moja, sina ubishi nayo: nailoni ya geji 1000, yaani unene wa maikroni 250. Hutandazwa kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), juu ya mchanga uliofunika mawe ili yasiitoboe. Maungio yapandane sentimita 30. Shida iko dukani. Niliwahi kuuziwa geji 500 yenye lebo ya 1000, fundi akaipasua kwa kidole. Siku hizi nanunua kwa mizani: rola la mita 4 kwa 25 liwe karibu kilo 23. Likija na kilo 12, mwachie mwenyewe. (Mizani ya dagaa pale Mwaloni Kirumba inatosha. Watakucheka, wewe pima.)

Namba mbili ni DPC, lile rola la lami linalokaa kati ya msingi na tofali la kwanza, sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi ya nje. Nailoni ya sakafuni ipande ikutane nayo. Na ukishahamia, usijaze udongo wa maua ukutani hadi ukaipita DPC.

Matundu ya hewa nayaweka ya tatu, kwa sababu yanahusu sakafu za mbao zilizoinuliwa tu. Weka pande mbili zinazotazamana, upande mmoja ukipokea upepo wa ziwa, na wavu wa kuzuia panya. Ardhi ya uvunguni nayo ifunikwe nailoni.

Dawa ya kuchanganya kwenye simenti: nzuri kwa plasta, haichukui nafasi ya nailoni.

Ya mwisho kabisa, rangi ya kuzuia unyevu. Maji yakizibwa hapo hupanda juu zaidi, na rangi huvimba. Kama nyumba imeshasimama, hela hiyo ichimbie mtaro wa kokoto upande wa mlimani.

Kabla ya kununua chochote, gundisha kipande cha nailoni sakafuni, pande zote nne, ukiache siku nzima. Matone yakiwa chini yake, yametoka ardhini. Yakiwa juu, ni mvuke wa chumbani, fungua madirisha.