Tovuti ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani kwa mwenye kuweka misimbo ya maradhi ya sikio la nje

Tovuti hii haina malipo, na toleo lake la 2019 lina orodha nzima ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-10), unaoupa kila ugonjwa msimbo wa herufi na tarakimu: upande mmoja sura zinafunguka ngazi kwa ngazi, upande wa pili yanatokea maelezo ya msimbo uliochaguliwa. Nimeipima kwa fungu la H60 hadi H62, la sikio la nje, hasa kwa maradhi yasiyotokana na maambukizi, kwa kuwa hapo ndipo maelezo hafifu ya daktari huleta madhara makubwa.

Thamani yake kuu imo katika vidokezo vinavyoeleza kila msimbo unajumuisha nini na unaacha nini. H61.1 ni wa maradhi ya sehemu ya sikio inayoonekana, yasiyo ya maambukizi, lakini kidokezo kinaonya kwamba sikio lililovimba na kukunjamana, kama la bondia, linakwenda M95.1, katika sura ya misuli na mifupa. Mtunza kumbukumbu anayetegemea karatasi ya misimbo iliyobandikwa ukutani hawezi kulijua hilo.

Hata hivyo, H60.5 ndio msimbo unaostahili kusomwa polepole. Unahusu uvimbe mkali wa sikio la nje usio wa maambukizi, uwe umetokana na kemikali, mguso wa kitu kinachowasha, au ukurutu. Lakini chini yake umewekwa pia uvimbe mkali ambao chanzo chake hakikutajwa kabisa. Maana yake ni kwamba daktari akiandika kwa haraka "uvimbe mkali wa sikio la nje" na kuishia hapo, mgonjwa mwenye bakteria atahesabiwa miongoni mwa wasio na maambukizi, ilhali mahali pake palikuwa H60.3, msimbo wa uvimbe wa maambukizi, na takwimu za kituo zitapotoka bila mtu yeyote kuvunja kanuni. Tovuti inaonyesha jambo hili waziwazi. Kulirekebisha ni kazi ya aliyemwona mgonjwa.

Kasoro ninayoiona nzito ni kwamba uainishaji wenyewe hautofautishi sikio la kulia na la kushoto. Nta iliyoziba sikio ni H61.2 tu, wakati toleo la Marekani, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, lina H61.21 kwa kulia, H61.22 kwa kushoto na H61.23 kwa yote mawili. Kwa hiyo upande lazima uandikwe katika faili, hata kama msimbo hauudai.

Kiswahili hakimo katika tovuti, na ICD-11, toleo linaloifuata ICD-10, imekwisha kuanza rasmi tangu Januari 2022. Hata hivyo, kwa kituo ambacho bado kinatumia ICD-10, ninaipendekeza bila kusita, mradi msimbo usichaguliwe kwa kutazama jina lake pekee na kuacha vidokezo vilivyo chini yake.