Bluu ya kuchorea bahari yenye ukungu: geuza tyubu kabla hujatoa hela

Nimeharibu kanvasi ya sentimita 60 kwa 80 kwa sababu ya tyubu moja tu ya rangi. Nilikuwa nachora bahari ya Kigamboni alfajiri wakati wa masika, ile asubuhi maji na mbingu vinashikana mpaka huoni mwisho wa bahari uko wapi, nikachukua Cerulean Blue (seruliani, bluu ya anga) niliyouziwa dukani mjini nikaichanganya na nyeupe, ikatoka kijani-bluu inayowaka kama beseni la plastiki, naongeza nyeupe bado inawaka, naongeza tena, ukungu wote umekwisha.

Kugeuza tyubu nyuma, kwa herufi ndogo: PB15, ile kodi inayotaja rangi gani hasa imo ndani. Hiyo ni thalo jamani, bluu nyingine kabisa! Seruliani yenyewe ni PB35. Thalo ina nguvu mno, tone dogo linameza nyeupe yote, na ukungu karibu wote ni nyeupe. PB35 ni dhaifu, ina ukijivu fulani, ukiipunguza inafifia taratibu na mashua ya mbali inaonekana iko mbali kweli. Kwa hiyo mambo ya tyubu kubwa au ndogo, inakauka lini, mimi hapa siyagusi, naangalia hiyo kodi ya nyuma tu.

Ya kwanza kwangu ni ya kampuni ya Winsor & Newton, ile ya Artists' ya 37 ml, PB35 tupu. Naipenda na sifichi, hata nikiwa na hela ya tyubu moja tu mwezi huo nachukua hiyo.

Ya pili ni ya chapa ya Rembrandt, ya 40 ml, nayo PB35, nzuri sana.

Ya tatu, kama hela haitoshi, achana na seruliani kabisa. Chukua ultramarini, PB29, ambayo hata kwenye rangi za wanafunzi huwa ni yenyewe, tia Burnt Sienna (kahawia-nyekundu) kidogo na nyeupe nyingi, unapata kijivu cha mawingu ya mvua.

Zilizoandikwa Hue, yaani za kuiga rangi halisi, ni za mwisho. Za kujifunzia sawa, za ukungu hapana.

Kinachoniuma ni wauzaji. Tyubu zimefungiwa kwenye kabati la kioo, ukiomba kugeuza unaambiwa "dada, bluu ni bluu", halafu bei ni ya rangi halisi! Na wanaouza mtandaoni wanapiga picha mbele tu. Mimi siku hizi naomba picha ya nyuma, wakikataa sinunui.