Fiksi au baiskeli ya gia? Uzoefu wangu Dar es Salaam

Ninazo zote mbili. Fiksi, yaani baiskeli ambayo pedali zinazunguka muda wote gurudumu la nyuma linapozunguka, ina sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya meno 46 mbele na 17 nyuma, tairi za ukubwa wa 700x28 na breki moja ya mbele. Ya gia ni ya mtumba: sproketi tatu mbele (28, 38 na 48), saba nyuma, kuanzia meno 14 hadi 28. Kwa mizunguko ya mjini natoka na fiksi. Miezi ya kusi natoka na ya gia, na sababu ni upepo, wala si vilima.

Kwanza tuelewane: baiskeli ya kawaida ya Phoenix si fiksi. Phoenix ina gia moja lakini ina friwili, kwa hiyo ukiacha kukanyaga pedali zinatulia huku gurudumu linakwenda. Fiksi haina kutulia. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Ukiizuia miguu, umelizuia gurudumu.

Wengi wanasema Dar ni tambarare, gia za nini? Toka Mwenge kwenda Posta mchana wa Julai uone. Kusi inakupiga usoni na mwendo unashuka hadi kilomita 18 kwa saa. Kwa 46/17 mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 5.8, maana yake unakanyaga mara 52 tu kwa dakika, kila mara kwa nguvu, na mzigo wote unabebwa na magoti. Kwenye ya gia naweka 38 mbele na 22 nyuma, mwendo ni uleule ila miguu inazunguka karibu mara 80 kwa wepesi. Kurudi upepo ukiwa mgongoni fiksi ni tamu: mizunguko 90 inakupa kilomita 31 kwa saa. Ukiteremka Kimara kuja Ubungo kwa kilomita 45, miguu inakwenda mara 130 kwa dakika kama cherehani na makalio yanaruka kwenye siti. Asiye na breki ya mbele asiteremke hapo.

Pale fiksi inapoishinda ya gia ni kwenye foleni. Mwendo wa taratibu kati ya daladala na bodaboda unausimamia kwa miguu, unapunguza kidogo bila kugusa breki, na kwenye mchanga uliomwagika barabarani unasikia tairi la nyuma linapoanza kuteleza kabla halijakuponyoka.

Sasa habu, yaani kitovu cha gurudumu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Habu halisi ya fiksi ina thredi (mikato ya kufungia kama ya skrubu) za hatua mbili upande wa cheni. Hatua kubwa ni ya sproketi, inafungwa kwa kulia kama kawaida. Hatua ndogo ni ya nati bapa ya kuzuia, nayo inafungwa kwa kushoto. Ukizuia pedali, sproketi inataka kufunguka. Ikijaribu, inaisukuma nati upande wa kukaza, basi haiendi popote. Habu ya Phoenix ina hatua moja tu. Kuna njia ya mkato ya kuichomelea friwili isizunguke, au kufunga sproketi ya fiksi kwenye habu hiyo na kuikaza sana. Itashika wiki mbili tatu. Siku ukizuia miguu kwa nguvu inafunguka, pedali zinarudi nyuma bila kushika chochote, na kama ulitegemea miguu peke yake, breki huna.

Kufunga vizuri: safisha thredi, paka grisi, ingiza sproketi kwa mkono hadi mwisho, kisha ikaze kwa spana ya cheni. Funga nati bapa kwa spana ya ndoano. Panda kamlima kafupi ukikanyaga kwa nguvu. Sproketi itajikaza zaidi na kuacha nafasi, kwa hiyo rudi ukaze nati tena. Wengi hawafanyi hatua hii ya mwisho, halafu wanalaumu habu.

Cheni ya fiksi icheze kama sentimita 1 juu na chini katikati. Ikilegea zaidi inaweza kuruka mwendoni na gurudumu likajifunga. Ikikaza mno inakula beringi. Zungusha krenki (mikono ya pedali) polepole utafute mahali inapokaza kuliko kwingine, na upime hapo. Tofauti ikiwa kubwa, sproketi ya mbele haijakaa katikati: legeza boliti zake tano kidogo, igonge taratibu, kaza tena. Uzuri ni kwamba cheni nene ya Phoenix inaingia kwenye sproketi za fiksi zenye meno manene, na hiyo inapatikana kila mtaa. Sproketi yenyewe ya nyuma ndiyo shida, mara nyingi ni ya kuagiza.

Wanaopenda kuburuta tairi, yaani kuzuia miguu ili gurudumu la nyuma liteleze, wasifunge 48/16. Ni tatu kwa moja kamili, kwa hiyo tairi litasagika mahali palepale kila mara hadi nyuzi zitokeze. 46/17 haigawanyiki, sehemu za kusagika zinakuwa 17.

Ya gia inasumbua kwa namna nyingine. Mchanga na hewa ya chumvi vinaingia kwenye vile vigurudumu viwili vya mkono wa nyuma unaohamisha cheni kutoka gia hadi gia, vinalia, kisha gia zinaanza kuruka zenyewe. Kabla hujagusa skrubu za H na L, zile zinazoweka mipaka ya mkono huo, simama nyuma ya baiskeli utazame: mkono ukiwa umepinda kuelekea spoki, tatizo ni kishikio chake kilichogongwa, na skrubu hazitakinyoosha. Kikiwa sawa, zungusha kirekebisho cha waya wa gia nusu mzunguko kila mara. Cheni nayo ipime kwa rula: viungo 24 viwe milimita 304.8. Ikifika 306.5, badilisha; ukiisubiri ifike 308, utanunua na gia za nyuma.

Kusafisha cheni ya fiksi: usishike kitambaa kwenye cheni huku gurudumu likizunguka. Kwenye ya gia kitambaa kikinaswa, pedali husimama. Kwenye fiksi uzito wa gurudumu unavuta kitambaa pamoja na kidole hadi kwenye meno, na kidole hakirudi kilivyokuwa. Futa kipande kilichosimama, sogeza, futa tena. Kanzu, baibui na kamba ndefu za viatu ni hatari hiyohiyo.

Ukienda kununua fiksi ya mtumba, chukua spana ya 15, toa gurudumu la nyuma na uangalie upande wa cheni. Usipoiona nati bapa, mwambie muuzaji akuuzie kwa bei ya fremu.