Kisanduku cha lulumizi kutoka Tongyeong: uzoefu wangu

Cha kwanza nilipigwa. Nilikuwa mtaa wa Insadong, Seoul, Korea Kusini, namtafutia mama zawadi, nikaona visanduku vyeusi vyenye korongo wanaometameta, won 30,000. Nikabeba kimoja. Kufika chumbani nikapitisha ukucha juu ya korongo, ukakwama ukingoni. Nikamkwangua kidogo, akabanduka mzima kama stika ya bodaboda. Tena wote watano walifanana hadi unyoya wa mwisho.

Likizo ilipofika nikapanda basi hadi Tongyeong, mji wa bandari kusini kabisa, safari ya saa nne na ushee. Kazi hii ya kupamba mbao kwa lulumizi, yaani kombe linalometameta, na utomvu inaitwa najeonchilgi, na ina jina huko tangu karakana za makao ya jeshi la majini enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Kombe (gamba) la abaloni, aina ya konokono wa baharini, husagwa hadi liwe jembamba kama karatasi, likachongwa kwa msumeno mwembamba na kubandikwa kwenye mbao. Kisha hupakwa utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, na kusuguliwa mpaka kombe litokeze tena. Na utomvu huo hauanikwi juani! Huwekwa kwenye kabati lenye joto na unyevu, maana unyevu ndio unaougandisha.

Changu ni won 180,000, hakizidi kiganja. Ukikielekeza dirishani bawa la korongo ni kijani. Ukikiinamisha kidogo linageuka waridi. Ukipapasa, hujui kombe limeishia wapi na weusi umeanzia wapi. Ila bawaba imelegea, kifuniko hakisimami chenyewe, na kwa bei ile hilo limeniudhi.

Duka la pili walikuwa na vya won 70,000, kombe halisi, lakini rangi yake wanaiita "kasyu". Nikauliza ndiyo nini. Kumbe korosho! Ni rangi ya mafuta ya maganda ya korosho, mbadala wa utomvu kwa wasiotaka gharama. Mimi mtoto wa Newala, niliyebabuka vidole kwa kubangua korosho, nilicheka peke yangu. Fundi akaniambia utomvu wao nao huwasha vibaya sana mpaka uzoee. Si ajabu, mti wao na mkorosho ni ukoo mmoja.

Kama pesa ni ya mawazo, chukua cha kasyu, hutajuta. Stika usiguse.

Mama amekipenda. Hereni hajaweka hata moja. Kimejaa stakabadhi zake za korosho.