Jeki ya gia boksi niliyoshushia difu ya nyuma: uzoefu wangu

Difu ya gari langu, ile nyumba ya gia inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma, ilikuwa inavuma kila nikikanyaga mafuta. Nikiachia, sauti inapungua. Nilipomwaga oili ikatoka nyeusi, na sumaku ya kizibo imejaa vipande vya chuma. Hapo hakuna ujanja, lazima ishuke.

Miaka ya nyuma niliwahi kushusha difu kwa jeki ya kawaida ya magurudumu. Tulikuwa wawili. Bolti ya mwisho ilipoachia, difu ikapinduka, ikaukosa mkono wa mwenzangu kidogo tu. Sijasahau. Difu ya gari dogo inaweza kufika kilo 30 hivi, na uzito wenyewe haukai katikati. Ndiyo maana safari hii nilinunua jeki ya gia boksi, ile fupi yenye kitanda kinachoinama na mkanda wa kufungia.

Matayarisho ni yale yale. Gari juu ya stendi imara, na kizibo cha kujazia oili kinafunguliwa kabla ya cha kumwagia, maana kikigoma baada ya kumwaga, utajazia wapi? Propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi, niliitia alama ya rangi pale inapokutana na difu, irudi ilivyokuwa, isije ikatetemesha gari. Shafti za magurudumu nilizifunga kwa waya zisining'inie. Nati ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, usiiguse kabisa: ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi.

Kitanda ndicho kilichonifanya nisijutie pesa yangu. Kina skrubu mbili, moja ya kuinamisha mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia. Nilikipandisha mpaka kikagusa tumbo la difu, nikakaza mkanda, nikafungua bolti nne. Ya mwisho ilipotoka, difu haikutikisika. Nilikuwa peke yangu chini ya gari na moyo umetulia.

Kasoro zipo. Mkanda uliokuja nayo ni mfupi na klipu yake inateleza ikipata oili; nimeweka mkanda wa kufungia mizigo badala yake, na wewe fanya hivyo kabla hujaanza. Magurudumu ni madogo mno, kwenye udongo hayaendi, ikabidi nitandike mbao. Halafu jeki hata ikishuka mpaka mwisho, ukijumlisha na difu juu yake bado ni kimo kikubwa. Yangu iligota kwenye bampa, nikalazimika kuinua gari upya mzigo ukiwa umeshashuka. Pima kimo hicho mapema.

Kurudisha ndiko ninakokuogopa siku zote, kwa sababu tundu la bolti likipishana hata milimita mbili unahangaika nusu siku. Safari hii nilizungusha skrubu ya mbele nusu mzunguko, nikachungulia kwa tochi, tundu likakaa sawa. Bolti ya kwanza iliingia kwa vidole, bila spana.